Mgeni wa Mfuko Mdogo Naye Ni Mgeni

Kila ufikapo mwezi wa Julai, nyoyo za watu wengi wa visiwa hivi huelekea kusini mwa Unguja, katika mji wa Makunduchi, ambako wenyeji huukaribisha mwaka wao mpya kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Sherehe hii si ngeni kwa wasomaji wetu. Wanajua kwamba asili yake ni Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, ambao wazee wetu waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi ili wapate kujua wakati wa kulima, wakati wa kupanda na wakati wa pepo kugeuka. Wanajua jinsi wanaume wa upande mmoja wa mji wanavyokabiliana na wenzao wa upande wa pili kwa vigogo vya migomba, wakayamaliza hapo hapo manung'uniko ya mwaka uliopita. Wanajua jinsi wanawake wanavyovaa vizuri na kuimba, na jinsi kibanda cha makuti kinavyotiwa moto huku watu wakiuangalia moshi unakoelekea.

Siku ya Mwaka iliwahi kuadhimishwa katika sehemu nyingi za pwani yetu. Makunduchi ndiko ilikobakia na nguvu zake, na kwa kuihifadhi amana hiyo wananchi wa huko wanastahili shukurani za Wazanzibari wote. Tunafahamu kwamba wapo miongoni mwa masheikh wetu wenye shaka juu ya baadhi ya mambo yatendekayo siku hiyo. Hatukukusudia leo kuingia katika mjadala huo, kwani una wenyewe. Tumekusudia kusema juu ya jambo moja ambalo halina mjadala, wala katika mila wala katika dini, nalo ni haki ya mgeni.

Katika mila ya Makunduchi, nyumba inatakiwa iwe na mgeni siku ya Mwaka. Mwenye nyumba asiyepata mgeni huhesabiwa kuwa ameufungua mwaka wake vibaya. Kwa ajili hiyo mtu apitaye njiani siku hiyo huitwa, akavutwa mkono, akaketishwa mkekani na kuletewa chakula, hata kama mwenye nyumba hajapata kumwona maishani mwake. Wazee waliposema, mgeni njoo mwenyeji apone, huko Makunduchi hawakuyasema maneno hayo kwa mzaha. Waliyatia katika mila, wakayafanya ni sharti la mwaka mwema.

Tunayakumbusha haya kwa sababu mgeni huyo tunayemzungumza, kwa miaka yote, alikuwa ni mtu wa kawaida. Alikuwa mvuvi aliyetoka kijiji cha jirani, mchukuzi wa bandarini Malindi, mwanafunzi, karani mdogo, au fundi cherehani wa Ng'ambo aliyefunga duka lake kwa siku mbili. Alikuja na wenzake, wakachangiana nauli, wakalala ukumbini kwa watu, na Jumapili jioni wakarejea mjini wakiwa wamechoka na wamefurahi. Wengi wetu tuliokwisha kuvuka miaka arobaini tulikwenda hivyo hivyo, katika zile gari zenye bodi na mabenchi ya mbao, magoti yetu yakigusana na magunia ya watu. Hakuna aliyetuuliza tuna kiasi gani mfukoni.

Swali letu leo ni hili: je, kijana wa leo mwenye kipato kidogo anaweza bado kuwa mgeni katika sherehe za nchi yake mwenyewe?

Tulipata kuzungumza na vijana saba, wavulana watupu, ambao ni marafiki tangu walipokuwa skuli. Mmoja ni seremala, wawili ni wauza samaki sokoni, mmoja anafundisha watoto chuoni, na waliobaki hufanya kazi yoyote inayopatikana. Walianza kujiwekea mapema. Kila mmoja alitoa shilingi 2,000 kwa wiki, kwa muda wa wiki kumi, na fedha zote zilishikwa na yule mwalimu wa chuo kwa kuwa ndiye wanayemwamini. Zilipokamilika zilikuwa shilingi 140,000. Walizigawa kwa utaratibu: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, mchele na sukari ya kumpelekea mwenyeji wao, maji ya njiani, na akiba kidogo kwa ajili ya maradhi. Walituonesha hesabu hiyo katika daftari la skuli, na tunakiri kwamba ni hesabu safi ambayo hata baadhi ya ofisi zetu zingeweza kujifunza kwayo.

Safari yao ilikwenda vyema mpaka jioni ya kurudi. Hapo walikuta nauli imepandishwa maradufu, gari ni chache, na kila gari inayofika imekwisha kujaa. Wanne walipanda wakining'inia mlangoni. Watatu walibaki, wakalala juu ya baraza ya duka lililofungwa, na mmoja wao akakosa kazi ya Jumatatu aliyokuwa amekwisha kuahidiwa. Ile akiba ya maradhi ndiyo iliyotumika kulipa nauli.

Wapo watakaosema: kijana asiye na uwezo anatafuta starehe gani? Akae nyumbani, ajiwekee fedha zake. Maneno haya tumeyasikia hata kutoka kwa watu wenye dhamana, nasi hatukubaliani nayo. Mtu afanyaye kazi siku sita anahitaji kupumzika siku ya saba, sawa na yule aliyekaa ofisini. Dini yetu imetukataza israfu na imetukataza ubakhili, na kati ya hayo mawili ndipo walipokuwa vijana hawa, kwa shilingi zao 2,000 kwa wiki. Hawakukopa, hawakuomba, wala hawakumtia mzazi katika dhiki. Ikiwa huo si uadilifu katika matumizi, basi hatujui uadilifu unafananaje.

Tena faida ya safari kama hizo haiishii kwa msafiri. Kijana aliyezaliwa Ng'ambo akakulia Ng'ambo, asiyeijua nchi yake ila kwa kusikia, anapolipita pori la Jozani, akashuka Kitogani kununua embe, akalala katika nyumba ya mkulima wa Makunduchi na kula naye sahani moja, huirudia mitaa yake akiwa na ndugu mpya. Siku mwenyeji huyo atakapokuja mjini hospitali, atakuwa na pa kufikia. Umoja tunaouhubiri majukwaani hujengwa kwa namna hii, juu ya mkeka, na kwa gharama ndogo kuliko semina yoyote.

Haya yasemwayo juu ya Makunduchi yanahusu pia Pemba. Kisiwa hicho kina mchezo wake wa ng'ombe, ambao watu wa Unguja wengi wamekufa bila ya kuuona. Ng'ombe huchezwa kwa ushujaa na kwa nguo, watu hushangilia, ngoma hupigwa, na mwisho wa mchezo ng'ombe hurudi zizini mzima kama alivyotoka. Mpemba huja Unguja kwa sikukuu, kwa arusi, kwa matibabu na kwa biashara. Muunguja hana desturi ya kwenda Pemba ila akiwa amepelekwa na kazi. Udugu wa upande mmoja ni udugu pungufu, na kijana wa Unguja atakayejiwekea fedha na wenzake wakavuka kwenda kuutazama mchezo wa ng'ombe, atakuwa amefanya jambo la maana kwa nchi yake.

Lakini hapa hatuna budi kusema kwa uzito unaostahili. Safari za sikukuu zimekwisha kututoa machozi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi cha uwezo wake, na wengi miongoni mwao walikuwa wakirudi makwao baada ya sikukuu ya Idd el Fitri. Zipo nyumba Pemba ambazo hadi leo hazijapata kaburi la kulizuru. Mwaka haukutimia, na tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikiwa safarini kutoka Dar es Salaam. Wale waliopotea katika meli hizo hawakuwa wametenda kosa. Walikuwa watu wanaorudi nyumbani au wanaokwenda kwa jamaa zao, na walipanda chombo kilichokuwapo kwa sababu ndicho walichokiweza.

Funzo la misiba hiyo haliwahusu mabaharia peke yao. Mtu mwenye mfuko mdogo hachagui chombo. Huchukua kilichobaki, saa iliyobaki, na nafasi iliyobaki. Akiambiwa asubiri gari nyingine, huuliza kama ipo. Ikiwa haipo, atapanda mlangoni, atapanda juu ya paa, na sisi tutakaa majumbani tukimlaumu kwa ukaidi. Kwa hivyo dhamana ya kuhakikisha kwamba kipo chombo cha pili haiwezi kuwekwa juu ya mabega ya msafiri. Ni dhamana ya wale waliopewa kazi ya kupanga usafiri wa umma, barabarani na baharini, nao wanaijua siku ya sikukuu kabla haijafika.

Jambo la pili linahusu uwanja wenyewe wa sherehe. Tumekuwa tukiona katika sherehe nyingi za visiwani mwetu kwamba mahema na viti vinawekwa mbele, mahali pazuri kuliko pote, kwa ajili ya viongozi na wageni rasmi. Hatupingi heshima kwa viongozi. Sisi ni watu wa adabu. Lakini mahema yanapoongezeka kila mwaka na kamba zikasogezwa nyuma, mtoto wa Makunduchi hulazimika kupanda mti ili auone Mwaka wa babu yake. Kiongozi anayefika na msafara wa gari, akaketi saa moja, akahutubia na kuondoka, hakuwa mgeni wa nyumba yoyote. Tungependa kuwashauri viongozi wetu wafanye kama mila inavyotaka: waingie katika nyumba moja ya mkulima, wakae mkekani, wale kilichopikwa. Watajifunza hapo kuliko watakavyojifunza ndani ya hema.

Jambo la tatu ni utalii. Mwaka 2023 visiwa vyetu vilipokea zaidi ya wageni 600,000 kutoka nchi za nje, na kila mmoja wao alihesabiwa. Fedha zao zinajenga nchi, nasi hatuna neno baya juu yao. Wafikapo Makunduchi wana haki ya kukirimiwa kama mgeni mwingine yeyote, na wapo wanaoondoka wakiwa na heshima kubwa kwa watu wetu. Ila tunaona hatari ya sherehe zetu kupangwa kwa saa zao, kutangazwa kwa lugha yao, na kupimwa kwa mifuko yao. Fundi cherehani wa Ng'ambo hahesabiwi popote anaposhuka garini Makunduchi. Hana kitabu cha kutia saini. Pamoja na hayo, mchele aliouchukua na sukari aliyoinunua vinaingia moja kwa moja katika jiko la mwenyeji, na mwakani atarudi pamoja na wenzake wengine, mvua inyeshe au jua liwake, na hata kama dunia ina maradhi ya kuzuia ndege kuruka. Tuliyaona hayo mwaka 2020, viwanja vya ndege vilipofungwa duniani na mahoteli yakabaki matupu. Siku kama hizo, mgeni pekee aliyebaki ni jirani.

Tukisema hivyo, hatuwezi kuwaacha vijana wenyewe bila ya neno. Haki ya mgeni ina jirani yake, nayo ni adabu ya mgeni. Wapo vijana wanaochukulia safari za sherehe kuwa ni ruhusa ya kuvua haya. Hufika mji wa watu na mavazi yasiyostahili, hulewa, hupiga kelele usiku kucha kwa maspika wanayoyachukua mabegani, hutupa chupa za maji pwani na kuwakera wanawake njiani. Mtu wa namna hiyo hata akiwa na fedha za kujaza kapu, hana anachompa mwenyeji. Na wapo wengine wanaokwenda mikono mitupu, wakala, wakalala, na siku ya tatu bado wapo. Wazee walikwisha kusema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kijana akumbuke kuchukua alichojaaliwa, hata kama ni mkate na majani ya chai, amsaidie mwenyeji kuteka maji, na aage kabla hajachokwa.

Nao wenyeji, pamoja na wafanya biashara wanaopeleka vyakula na vinywaji katika viwanja vya sherehe, tunawaomba wasiutumie umati kama ngawira. Andazi halibadiliki kwa sababu ni siku ya Mwaka. Mwenye gari naye ana gharama zake, tunalijua hilo, na mafuta hayatolewi bure. Lakini nauli iliyopangwa ni ahadi baina yake na umma. Anayeivunja siku ya sikukuu, pale anapojua kwamba abiria hana njia nyingine, amemnyang'anya mtu aliyefungwa mikono.

Baada ya kuyasema hayo, tunapendekeza kwa wahusika mambo manne, ambayo yote yamo katika uwezo wetu na hayahitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje.

Kwanza, tarehe ya Mwaka Kogwa, na za michezo ya ng'ombe ya Pemba kila inapowezekana, zitangazwe mapema redioni na magazetini, mara tu wazee wanapozikamilisha hesabu zao. Mwenye fedha akiarifiwa leo husafiri kesho. Mwenye mshahara mdogo anahitaji wiki kumi za kuweka, na tangazo la siku tatu kabla ni sawa na kumwambia asije.

Pili, nauli ya siku za sherehe ibandikwe kwa maandishi makubwa katika vituo vya gari na bandarini, mjini na shamba, na wawepo watu wa kuisimamia jioni ya kurudi, kwani hapo ndipo abiria anapoumizwa. Asubuhi kila mtu ni mkarimu.

Tatu, zipangwe gari za ziada, na ijulikane saa ya gari ya mwisho. Gari za umma ambazo hushinda zimeegeshwa Jumamosi na Jumapili zinaweza kusaidia. Kwa upande wa bahari, idadi ya abiria iheshimiwe bila ya huruma wala kujuana, na meli ikijaa, wanaobaki waambiwe waziwazi ni lini ifuatayo itaondoka.

Nne, madarasa ya skuli, ambayo mwisho wa wiki huwa matupu, yafunguliwe yawe malazi ya wageni wasio na jamaa, wanaume mbali na wanawake mbali, chini ya uangalizi wa masheha na kamati za skuli, kwa mchango mdogo utakaobaki skuli kununulia chaki na kutengenezea madawati. Matawi ya Chama na jumuiya za vijana yana watu wa kutosha wa kulisimamia jambo hili kwa kujitolea, na hiyo ingekuwa kazi bora kuliko kukaa maskani wakisubiri uchaguzi.

Hatujasema kwamba Serikali iwalipie watu starehe zao. Vijana saba tuliokutana nao hawakuomba kulipiwa chochote. Walijilipia wenyewe, senti kwa senti, kwa daftari lililoandikwa vizuri. Walichokihitaji ni kukuta nauli ile ile waliyoihesabu, gari ya kuwarudisha, na mahali pa kuweka ubavu. Serikali ya wananchi haiwezi kushindwa kuwapa hayo.

Yule aliyekosa kazi yake ya Jumatatu tulimuuliza kama atakwenda tena mwakani. Alicheka, akasema mwenyeji wao, bi kizee mmoja anayeishi na mjukuu wake, amekwisha kuwaapiza kwamba wasipokuja watakuwa wamemharibia mwaka. Tayari wameanza kuweka. Basi sisi nasi, kila mmoja katika dhamana yake, tujitayarishe ili watakapofika wafike salama, na watakaporudi warudi salama, na mwaka wa bi kizee yule uwe mwema.